Skrubu Iliyokwama: Uhakiki wa Rasimu Moja ya Tafsiri

Miongoni mwa rasimu zilizoletwa ofisini kwetu ili zisomwe kabla ya kupigwa chapa, imo tafsiri ya mwongozo wa kukarabati sehemu ya ndani ya magari ya zamani. Jina la mfasiri tunaliacha, maana hatukusudii kumwaibisha mtu. Tena Kiswahili chake ni safi, na sentensi zake zinasomeka pasipo kukwaza. Sura tutakayoihakiki ni fupi mno, nayo yahusu namna ya kufungua skrubu iliyokwama. Huenda msomaji akauliza iwapo jambo dogo kama hili lastahili makala. Lastahili. Kichwa cha skrubu kikisha kulika hakirudi, na kibao kilichofungwa kwa skrubu hiyo, ambacho pengine hakitengenezwi tena popote, huishia kuvunjwa ili kitoke.

Ili tusihukumu kwa kamusi peke yake, tuliipeleka rasimu gereji, tukamwomba fundi aifuate neno kwa neno juu ya Land Rover Series III, gari lililotengenezwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985. Gari hili lafaa sana kwa jaribio la namna hiyo, kwa sababu mabamba yake mengi, pamoja na kasha lililo chini ya viti, ni ya aloi ya alumini, ilhali skrubu zake ni za chuma.

Skrubu ya kwanza iliharibika katika muda wa dakika moja. Rasimu ilisema: chukua bisibisi ya nyota. Fundi akachukua bisibisi ambayo kila duka la vifaa huiuza kwa jina hilo. Kichwa cha skrubu kilikuwa na msalaba, na ncha ya bisibisi ilikuwa na msalaba vilevile. Hata hivyo, alipoizungusha ilipanda na kuteleza, ikazila kingo za msalaba mpaka pakabaki kishimo cha mviringo. Fundi hakukosea, wala mfasiri hakulibuni neno hilo. Kosa limo ndani ya neno lenyewe, kwa kuwa sisi tunaita nyota vitu vitatu vilivyo mbalimbali.

Msalaba wa kwanza ni ule wa Phillips, aliyepata hataza zake huko Marekani mwaka 1936. Mabawa ya ncha yake hukonda kuelekea chini, kwa hiyo nguvu ikizidi bisibisi hujisukuma nje. Wa pili ni Pozidriv, ulioingia viwandani Uingereza katika miaka ya 1960. Huu mbavu zake zimekaribia kuwa wima, na juu ya kichwa cha skrubu, baina ya mikono minne ya msalaba, pamechorwa mistari minne myembamba. Mistari hiyo ndiyo alama ya kuutambulia. Bisibisi ya Phillips huingia katika kichwa cha Pozidriv, lakini haikijazi. Wa tatu ni ule wa Kijapani, unaopatikana katika Datsun na Toyota za zamani, na mara nyingi hutiwa kitone kimoja kichwani. Fundi mwenye macho mazuri na kitambaa cha kufutia uchafu aweza kuzitenga zote tatu, ila lugha yetu haimwambii kwamba kuna cha kutenga.

Tulipofika hapo, fikira yangu ya kwanza ilikuwa kulifuta neno nyota na kuweka msalaba mahali pake, kwani umbo ni msalaba kweli, na tangu Torx ianze kutumika iko skrubu nyingine iliyo nyota hasa, yenye pembe sita. Nimeiacha fikira hiyo. Neno nyota analijua kila kijana anayeuza vifaa, na istilahi inayomlazimu fundi kuyasahau ayajuayo haitafika gereji. Napendekeza tuseme nyota ya pembe nne na nyota ya pembe sita. Kisha ile ya pembe nne ifuatwe na jina la aina yake: Phillips, Pozidriv, au ya Kijapani. Majina ya watengenezaji hayana haja ya kutafsiriwa.

Sasa tutazame vitenzi. Rasimu nzima yasema ng'oa skrubu. Kung'oa ni kwa jino, kwa kisiki, na kwa msumari: kitu huvutwa kwa nguvu kikatoka kilipozama. Skrubu ina hesi, na chenye hesi hufunguliwa. Mafundi husema fungua, na wakiona ugumu husema legeza kwanza. Kadhalika, rasimu yaagiza bisibisi izungushwe kwa nguvu zote, pasipo kutaja kukandamiza. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu yapaswa kuisukuma bisibisi ndani ya kichwa, na sehemu ndogo tu ndiyo izungushe. Kiswahili kina kandamiza na kina zungusha. Kuyaunganisha mawili hayo katika neno nguvu ni kumwachia msomaji abahatishe.

Kosa lililonisikitisha zaidi halionekani ila kwa mtu mwenye asili ya mwongozo mkononi. Mahali fulani asili yaelekeza kwamba skrubu ikazwe kidogo kabla ya kufunguliwa. Mfasiri ameiruka sentensi hiyo, na pembeni ameandika kwamba ni dhahiri mwandishi ameteleza. Hakuteleza. Kuikaza kwa kiasi cha unywele huvunja mshiko wa kutu katika hesi, na baada ya hapo skrubu hukubali kurudi. Mfasiri ana haki ya kusahihisha maandishi ya watu katika elimu aijuayo. Katika asiyoijua, hana budi aulize kwanza.

Kutu nayo imetumika kupita mpaka. Tulipoifungua skrubu ya pili, tuliona unga mweupe umeizunguka. Huo haukuwa kutu, kwani kutu ni ya chuma. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo huliwa, na unga wake huvimba ukaibana skrubu. Kwa jambo hili lote neno ulikaji linatosha, na kutu ibaki kuwa aina mojawapo. Faida yake ni hii: msomaji atajua kutafuta weupe, badala ya kungoja wekundu. Tena mafuta yanayotakiwa hapa ni ya kupenya, mepesi, yanayoachwa usiku kucha. Rasimu imeandika mafuta ya kulainishia, na fundi akayaendea ya injini.

Kuhusu bisibisi ya athari sina mengi ya kusema. Neno la asili lina maana mbili, mfasiri akaichukua ile ya wanasiasa. Chombo chenyewe hugongwa kwa nyundo, na pigo hilohilo likaisindika ncha ndani na kuizungusha. Basi ni bisibisi ya kugongwa. Parafujo, tuliyoirithi kutoka kwa Wareno, mfasiri ameipenda kuliko skrubu. Simlaumu, maadamu angechagua moja. Amezitumia zote mbili katika aya moja, na fundi akaniuliza tofauti yake ni nini.

Yapo maneno mawili ambayo yangetosha kuizuia rasimu hii isichapwe: choma moto. Asili yasema kichwa cha skrubu kipashwe moto, yaani chuma kitanuke kisha kipoe, mshiko ulegee. Na kwa ndani ya gari huagiza itumike ncha ya pasi ya kulehemu, maana hapana nafasi ya mwali penye sponji, vitambaa na plastiki. Choma moto, kwa fundi yeyote, ni mwali. Katika Land Rover fupi ya aina hii, tangi la petroli limo ndani ya kasha hilohilo, chini ya kiti cha mbele. Tulipofika kwenye sentensi hiyo fundi aliifunga rasimu, akaiweka juu ya boneti, akasema kwamba yeye hatafuata zaidi. Pasha na choma yanatenganishwa hata na mtoto anayetumwa jikoni. Tunapendekeza pasha moto, pamoja na sentensi ambayo hata asili haina: kwamba penye tangi chini ya kiti moto wa namna yoyote usitumike mpaka tangi liwe limetolewa na kupelekwa mbali.

Rasimu imerudishwa kwa mfasiri. Tumeifungia pamoja na bisibisi mbili, ya Phillips na ya Pozidriv, na ile skrubu ya kwanza, tukimwomba azijaribu zote mbili katika kile kilichosalia cha kichwa chake kabla hajaanza kuandika upya.