Fundi wa Njia

Mzee anayewapandisha watu msituni kutoka Mamba huanza safari kwa kusimama. Pale migomba na mashamba ya tangawizi yanapokoma na miti mikubwa kuanza, hutua mkoba wake, akautazama ukungu unavyosogea, akageuza uso huku na huku mpaka upepo umguse shavuni. Siku niliyofuatana naye tulikuwa na wageni, mume na mke wanaozunguka Afrika Mashariki kwa gari lenye hema juu ya paa. Gari walikuwa wameliacha uani kwa mwenyeji wao, chini ya mparachichi. Walikuwa watu wa heshima, viatu vyao imara, chupa zimejaa maji, na hamu yao yote ilikuwa kilele cha Shengena. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia: "Mwanangu, waambie kilele hakihami. Mbega wanahama."

Mamba iko upande wa mashariki wa Upare Kusini, upande unaopokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi na kupigwa na jua la kwanza. Mbega wanaolala katika baridi ya msitu hupanda juu ya miti asubuhi kuota jua, na kwa muda mfupi, kabla umande haujakauka, hukaa peupe. Baadaye huzama kwenye majani, na mtu anaweza kupita chini yao asijue. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzee ilikuwa kujua ni mteremko gani utakaowaka mapema siku hiyo, kwa ukungu wa siku hiyo. Aliacha njia pana na kutupitisha kwenye kijia ambacho mimi, mzaliwa wa wilaya hii hii ya Same, nisingekiona. Panga alikuwa nalo, lakini hakulitumia kukata. Kila jani la jimbi lililozuia njia alilishika, akaliinamisha, akalipitisha mkononi mwa aliyemfuata. Hivyo tulipita wote wanne bila jani moja kulia.

Tukawakuta. Walikuwa juu ya mti ulionyauka nusu, weusi, nywele ndefu nyeupe zikiwashuka mashavuni na mabegani, mikia ikining'inia. Jike mmoja alikuwa amepakata mtoto mweupe kabisa, kwa maana mbega huzaliwa hivyo na weusi huja baadaye. Mgeni wa kike aliinua kamera. Mzee hakumkataza, aliweka tu kiganja hewani, chini kidogo, mpaka yule mtoto alipomaliza kunyonya na mama yake kutuangalia. Hapo ndipo aliposhusha mkono. Sijawahi kuona ruhusa ikitolewa kwa upole namna ile, wala mtu akiipokea kwa shukrani namna ile.

Nataka kukaa kidogo kwenye masikio yake. Tulipokuwa tumepanda sana, kima walianza kupiga kelele bondeni. Mimi nilisikia kelele. Yeye alisikia kima dume akitoa sauti fupi kavu, zikifuatana upesi, akatazama angani bila kusita, na kweli tai alikuwa anakata juu ya miti. Baadaye sauti ikabadilika, ikawa nzito, yenye kupumzika katikati, naye akatazama chini kwenye vichaka. Kuna kilichokuwa kinatembea huko ambacho hatukukiona. Wanasayansi waliokaa miaka misituni na vinasa sauti wameandika kwamba kima dume wana mlio wa adui wa juu na mlio wa adui wa chini. Mzee alifundishwa hilo na baba yake, wakiwa njiani kupeleka maharage.

Maana ufundi huu ulizaliwa katika kutumwa. Mtoto aliambiwa apande kwa shangazi ng'ambo ya msitu, au ashuke Gonja siku ya gulio na mzigo kichwani, arudi kabla giza halijaingia. Njia ndiyo iliyokuwa darasa. Siafu wakikatiza, alisimama na kuwaangalia ndege waliowafuata ili kudaka wadudu wanaokimbia. Mara ya pili ndege wale walimjulisha siafu wako wapi kabla hajawakanyaga. Kinyesi kilichorundikana chini ya mti wenye tundu kilimwambia perere wanalala humo, udongo uliofukuliwa ulimwambia nguruwe wamepita, na ubichi wake ulimwambia ni saa ngapi. Mwaka 1945, Wapare walipokataa kodi iliyoitwa mbiru, maelfu walishuka kwa miguu kutoka milima hii na kupiga kambi Same, makao ya serikali ya kikoloni wilayani, wakidai kusikilizwa. Historia husimulia madai yao, na inastahili. Mimi hufikiria pia miguu ile, usiku, kwenye miteremko ile, na kila kijiji kilivyokuwa na mtu wa kutangulia mbele.

Karibu na mgongo wa mlima mzee alisimama tena na kuonyesha mashimo marefu yaliyofunikwa na nyasi. Wapasua mbao walikuwa wakiweka magogo ya mkulo juu yake, mmoja akishika msumeno juu na mwenzake shimoni. Mkulo una harufu ya kafuri, na mbao zake ziliuletea mti huo balaa. Msitu huu sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mizizi ya mkulo inachipua upya, pole sana. Machipukizi mengine yalikuwa hayajafika kiunoni. Mzee aliyakwepa yote bila kuyatazama.

Palepale kundi la ndege wadogo likapita, mgongo wa kijani, duara jeupe kuzunguka jicho. Ndege huyo hana kwao kwingine duniani isipokuwa Upare Kusini. Nilipowaeleza wageni walisimama muda mrefu, hata ndege walipokwisha kuondoka. Shengena, mita zipatazo 2,460, tuliufikia mchana, ukungu umejaa, na hakuna aliyelalamika. Ulipofunguka kidogo tuliona chini tambarare inayoenda mpaka Tsavo, na ndani yake Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, ambako wageni hawa, wakiwa wamekaa ndani ya gari, walikuwa wamewaona tembo.

Siwalaumu wao. Waliotoka mbali walinyamaza walipoambiwa wanyamaze. Wanaoniumiza ni sisi. Wakati wa kushuka tulipishana na vijana wa milimani humu humu, muziki ukitoka mfukoni mwa mmoja wao, wakikata matawi kwa panga bila sababu yoyote, na kima walikuwa wamenyamaza eneo zima. Walimwamkia mzee, "Shikamoo babu," kwa adabu, wakapita. Hakuna aliyemwuliza ametoka wapi wala ameona nini. Na kwa nini wangeuliza? Bodaboda inafika hata kule ambako zamani hakukuwa na barabara. Mgonjwa anawahishwa hospitali, tangawizi inafika sokoni kabla haijanyauka, na hakuna mwenye moyo atakayetamani mama arudie kubeba gunia kichwani. Lakini tulipoacha njia tuliacha na kilichokuwa kikifundishwa humo, na hatukukipa mahali pengine pa kukaa. Watoto wetu wanaimba majina ya wanyama wa Serengeti darasani, huku hawawezi kumtofautisha mbega na kima walioko juu ya paa la shule yao.

Nilimwuliza mzee kama kuna kijana anayemfuata. Alisema wajukuu wako Dar es Salaam, na wakija likizo huwa na haraka. Vijana wengine huja kumwomba awaonyeshe njia ya kilele, kwa sababu wageni hulipa, naye huwaonyesha. Wakishaijua hiyo moja hawarudi. Vijia vya pembeni, kikiwemo kile cha mbega, hawajawahi kuviulizia, na kimoja kilichokuwa kikishuka moja kwa moja hadi Gonja kimefungwa na miiba mvua mbili zilizopita, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa akikipita na goti lake halimruhusu tena.