Hosteli ya Mbao: Walichofanya Vancouver, Kinachopungua Eldoret

Chuo Kikuu cha Moi kilianza mwaka 1984 na wanafunzi 83 waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka arobaini baadaye, zunguka vyuo vya Uasin Gishu kuanzia Kesses hadi vile vilivyo katikati ya makazi ya Elgon View mjini Eldoret: mbao utaiona kwenye milango, kwenye kenchi chini ya mabati, na kwenye viunzi vya kumwagia zege ambavyo hung'olewa slabu ikishashika. Jengo lenyewe ni mawe na zege. Si ajabu. Jiwe la machimbo linapatikana, fundi wa kulijenga yuko kila kona, na nyumba ya mbao Bonde la Ufa bado huhesabiwa kuwa ya mtu aliyeshindwa kununua mawe.

Mbao nzito inayojengewa vyuo siku hizi ni kitu kingine. Mbao nyembamba hupangwa matabaka matatu, matano au saba, kila tabaka likikatiza lililo chini yake, kisha hupakwa gundi na kubanwa kwa mashine hadi ziwe bamba moja la kutosha kuwa sakafu ya chumba kizima. Nguzo hutengenezwa vivyo hivyo, ila tabaka zote huelekea upande mmoja. Watetezi wake wengi huishia kusifu mti. Mimi nadhani hadithi iko kwingine, na jengo linaloonyesha hivyo vizuri zaidi ni Brock Commons Tallwood House, bweni la Chuo Kikuu cha British Columbia huko Vancouver, Kanada.

Bweni hilo lina ghorofa 18, hulaza wanafunzi 404, na lilifunguliwa 2017. Mbao zake zilisimamishwa kiangazi cha 2016 kwa siku zisizofika 70. Wauzaji wa mbao wanaipenda sana namba hiyo, nayo hupotosha. Haihesabu msingi. Haihesabu ghorofa ya chini, ambayo ni ya zege, wala minara miwili ya zege yenye ngazi na lifti. Minara hiyo ilipandishwa kwanza hadi juu, na ndiyo inayobeba msukumo wa upepo na tetemeko la ardhi. Zaidi ya yote, haihesabu miezi ya kazi ya mezani. Kila nguzo, kila bomba na kila tundu la boliti lilichorwa kwenye kielelezo cha kompyuta kabla ya kiwanda kukata chochote. Kisha wakajenga sampuli ya ghorofa mbili kwa vipimo kamili, wajue ni kiungo gani kitawasumbua. Bamba lilipofika kwa lori, halikuwa na la kuulizwa: matundu yalikuwa tayari, nafasi yake inajulikana, na winchi ikaliinua moja kwa moja.

Tazama jinsi nguzo zilivyopangwa. Ziko kila mita 2.85 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, na bamba zinakalia nguzo moja kwa moja, bila mihimili. Mita 2.85 ni upana wa bamba lenyewe. Kwa maneno mengine, mashine ya kiwandani ndiyo iliyoamua ukubwa wa chumba cha mwanafunzi. Kwa kuwa hakuna mihimili, mabomba na nyaya hupita chini ya dari bila kizuizi. Bamba la unene wa milimita 169 lenye urefu wa mita 8 lina uzito wa tani mbili hivi. La zege la vipimo hivyo hivyo lingekaribia tani 9. Ndiyo maana kikosi kidogo cha mafundi kilitosha.

Kuna jambo dogo lililonifurahisha. Nguzo za mbao zikipangwa ghorofa juu ya ghorofa hufupika, kwa sababu ya uzito na kwa sababu mbao huendelea kukauka. Zege ya minara haifupiki kwa kiasi hicho. Wahandisi walipiga hesabu ya tofauti hiyo mapema, wakaweka vipande vyembamba vya chuma kwenye viungo vya nguzo katika ghorofa chache zilizochaguliwa, ili sakafu na mnara vije kulingana baadaye.

Na moto? Kanuni za jimbo zilikuwa zikiruhusu majengo ya mbao hadi ghorofa sita, kwa hiyo ikaandikwa kanuni maalum ya jengo hilo peke yake, na wahandisi wa nje wakaikagua michoro. Mbao zikafunikwa kwa matabaka ya bodi za jasi, na vinyunyizio vya maji vikawekwa kote. Mbao nene ina tabia yake pia: inapoungua hufanya ganda la mkaa linalopunguza kasi ya moto. Kwa mbao laini, wahandisi huhesabu takriban milimita 0.65 kwa dakika, yaani karibu sentimita nne kwa saa. Ukijua hivyo, unaongeza unene mapema. Ubao wa inchi moja hauna sentimita nne za kupoteza.

Sasa tulete michoro hiyo Elgon View, tuseme kwa hosteli ya ghorofa nne. Wanaowazia mnara wa mbao wa ghorofa 28 uliotangazwa 2022 kwa Fumba, Zanzibar, wasubiri kidogo. Njia ya haraka ni kuagiza bamba Ulaya na kuzipitisha Mombasa, kisha karibu kilomita 800 za barabara hadi Eldoret. Hapo ndipo mpango unakwama kwenye kitu ambacho wengi hawakifikirii: mlango wa kontena. Kontena la kawaida lina upana wa ndani wa mita 2.35 hivi. Bamba la mita 2.85 haliingii. Utalipia kontena lisilo na kuta, au utapunguza upana wa bamba, na ukiupunguza nguzo zote zinasogea na vyumba vinabadilika. Huwezi kunakili Vancouver kisha ukarekebisha baadaye. Mchoro wa Elgon View ungepaswa kuanza na mita 2.3, na hapo hata kitanda na kabati vinaanza kubishana.

Njia ya pili ni kutengeneza hapa. Eldoret haianzi bila kitu. Kiwanda cha Raiply kimekuwa kikigandisha matabaka ya mti kuwa plaiwudi kwa miaka mingi, na kanuni ni ile ile ya kukatiza tabaka. Viwanda vya kutibu nguzo za umeme vinajua kuingiza dawa ya mchwa ndani ya mkaratusi. Misonobari na saiprasi za Kaptagat na Timboroa haziko mbali.

Pengo liko katikati, baina ya msumeno na gundi. Bamba hutaka mbao zenye unyevu wa asilimia 12 hivi, zikipishana kidogo tu. Mti uliokatwa punde hubeba maji zaidi ya asilimia 30 ya uzito wake mkavu, na mbao inayouzwa yadi nyingi za mjini huwa bado mbichi. Fundi wa paa huipigilia hivyo hivyo, ikakaukia juu. Paa husamehe. Bamba halisamehe: mbao hunywea kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hiyo tabaka mbichi zilizokatizana huvutana hadi gundi iachie au uso upasuke. Tanuri la kukaushia linaweza kuchoma vumbi la msumeno na mabanzi, ambavyo havikosekani. Pengo la pili ni kupanga mbao kwa madaraja ya nguvu. Yadini mbao huuzwa kwa vipimo, mbili kwa nne, sita kwa mbili, na nguvu yake hukisiwa kwa jicho. Msonobari wa shamba unaokua haraka na kuvunwa mapema una moyo dhaifu. Haimaanishi utupwe: tabaka dhaifu huwekwa katikati ya bamba, zenye nguvu juu na chini. Lakini lazima kwanza ujue ipi ni ipi.

Halafu ugavi. Serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, ikaongeza muda mara kadhaa, na Rais Ruto akatangaza Julai 2023 kwamba marufuku imekwisha, kabla ya suala kufika mahakamani. Sina ugomvi na kulinda msitu. Ila kiwanda cha bamba ni mkopo wa miaka mingi, na mwenye mkopo hawezi kupanga malighafi yake kwa kufuata matangazo. Mashamba ya miti ya watu binafsi yangekuwa msingi salama zaidi.

Kuhusu kaboni, wa Vancouver walikadiria tani 2,432 za hewa ukaa zilizohifadhiwa kwenye mbao au kuepukwa. Sehemu iliyoepukwa hutegemea mbao imechukua nafasi ya nini. Eldoret mshindani ni jiwe la kuchonga, ambalo halichomwi kama saruji, na faida ya kuling'oa ni ndogo. Faida iko kwenye slabu. Kwa hiyo ningeacha mawe kwenye ghorofa ya chini, ambako mchwa wanaanzia, na kwenye mnara wa ngazi, kisha nitumie mbao kwa sakafu na nguzo za juu. Kuzisimamisha kungefanywa kati ya Desemba na Februari, mvua zikiwa zimepungua.

Maji ndiyo yanayonipa wasiwasi zaidi kuliko moto. Jengo la Gaia la chuo kikuu cha Nanyang, Singapore, lilifunguliwa 2023 kama moja ya majengo makubwa ya mbao Asia, na kufikia 2025 ukungu ulikuwa umeonekana kwenye mbao zake. Singapore iko usawa wa bahari. Eldoret, ambayo nayo iko karibu na ikweta, iko mita 2,100 juu, baridi na kavu zaidi. Hata hivyo bafu la hosteli ni bafu, na wanafunzi wanane wakioga kabla ya saa mbili asubuhi hawajali mwinuko. Kabla ya hosteli, ningejenga darasa la ghorofa mbili na bafu moja juu yake, vipima unyevu vikiwa vimezikwa ndani ya sakafu. Visomwe misimu miwili ya mvua. Vikivuka asilimia 20, bafu zote zihamie kwenye mnara wa mawe kabla mtu hajachora ghorofa ya tatu.