Sifa ya Hesabu ya Ukwasi

Katika fani zote za uhasibu, sioni iliyo fupi kwa maandishi na ndefu kwa maarifa kama hii ya kupima ukwasi, yaani kuuliza kama kampuni, wadai wake wakibisha hodi kabla ya mwaka kwisha, itakuwa na cha kuwapa. Mali zitakazogeuka fedha ndani ya miezi 12 hugawanywa kwa madeni yatakayoiva katika muda huo huo, na jawabu likizidi 1, moyo hutulia kidogo. Nasema kidogo, kwani utamu wa fani hii huanzia pale mhasibu mwenye tahadhari anapokataa kuridhika na jawabu la kwanza.

Tuseme duka la pembejeo mjini Kitale, mwisho wa Februari, lina mali za karibu za shilingi 6,000,000 na madeni ya muda mfupi ya shilingi 3,000,000. Uwiano ni 2, na wakopeshaji wa zamani, walioishika 2 kama sunna, wangetia sahihi papo hapo. Lakini mhasibu hufungua ghala. Shilingi 4,500,000 ni mbolea na paketi za kilo 2 za mahindi ya H614, mbegu ya nyanda za juu ichelewayo kukomaa, ambayo msimu wa kupanda ukipita hapana mkulima wa Trans Nzoia atakayeigusa hadi mwaka mwingine, na huku nguvu yake ya kuota ikipungua. Akiiondoa bidhaa yote, uwiano hushuka hadi 0.5. Kisha hugeukia shilingi 1,200,000 zilizo mikononi mwa wateja: wengi wao wangoja kulipwa mahindi waliyoyapeleka Bodi ya Nafaka na Mazao, na kila aukumbukaye mwaka 2018, malipo hayo yalipokawia miezi, ajua uzito wa ahadi yao. Taslimu ni shilingi 300,000 tu, senti 10 kwa kila shilingi ya deni. Duka si bovu kwa hilo. Huenda mwezi wa Mei ghala likawa tupu na kisanduku kikajaa. Ndiyo maana tarehe ya mizania husomwa kabla ya tarakimu zake.

Atakaye kuiona faida ya elimu hii na ateremke Webuye, katika Bungoma. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichojengwa miaka ya 1970 kando ya Mto Nzoia, kilikuwa na mitambo isomekayo kwa fahari katika daftari lolote. Hata hivyo mwaka 2009 kilifungwa chini ya mzigo wa madeni, la umeme likiwamo, kwa kuwa mtambo haukatwi vipande kumlipa adaiye leo.

Na kwenye kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975, waliongojeshwa malipo ni wakulima wa miwa. Mkulima atunzaye miwa mwaka na nusu, akaipakia kwenye trela na kurudi nyumbani na stakabadhi, amekwisha kukopesha, bila riba wala dhamana, ijapokuwa hakuna aliyemwita mkopeshaji. Benki haitoi hata shilingi kabla ya kuiona mizania. Enyi viongozi wa vyama vya wakulima, itakeni mizania hiyo kila robo mwaka, kabla trela halijapakiwa.