Kinjeketile na Mzigo wa Matumaini ya Watu

Mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein uitwao Kinjeketile, uliochapishwa mwaka 1969, umesomwa katika shule zetu za sekondari kwa muda mrefu, hata majibu yake yamekuwa kama sala iliyohifadhiwa kwa moyo: dhamira ni umoja, ukombozi na nguvu ya imani. Majibu hayo si ya uongo. Lakini mwanafunzi akisha kuyaandika humsahau mtu mwenyewe ambaye jina lake limo juu ya jalada. Kwa maoni yangu, kiini cha mchezo huu ni dhiki ya mtu mmoja aliyebebeshwa na watu wake matumaini ambayo hakuweza kuyatimiza wala kuyakana.

Mwalimu anayefundisha Kibiti hana haja ya kwenda mbali kuyatafuta mazingira ya mchezo. Barabara ya Kilwa ipitayo hapo yaenda Ikwiriri, yavuka Mto Rufiji katika Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha yaelekea upande wa Mohoro, mahali ambapo Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Ngwale tarehe 4 Agosti, 1905. Ngarambe, alikoishi, nayo iko katika nchi hiyo hiyo ya Rufiji. Huko ndiko watu walikomiminika tangu mwaka 1904 kuifuata dawa ya maji, mtama na mafuta ya mbarika. Walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na kazi ya shuruti katika mashamba ya pamba. Mtu aliyeacha nyumba yake na kutembea siku kadhaa hakwenda Ngarambe kusikia neno “labda”.

Mwandishi mwenyewe ametuonya katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si yule wa historia. Wapo wasomaji wanaomlaumu kwa hilo. Hao huudai mchezo kazi ya kitabu cha historia. Lakini ni vyema tulitazame badiliko moja alilolifanya, maana ndani yake imo fikira yake yote. Kinjeketile wa historia aliuawa siku chache tu baada ya vita kuanza huko Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905. Hakuyaona mapigano makubwa, wala njaa iliyofuata baada ya mazao kuteketezwa, wala maiti ambao makisio ya idadi yao ni kati ya 75,000 na 300,000 hata vita vilipomalizika mwaka 1907. Kinjeketile wa mchezo anaachwa hai mpaka baada ya kushindwa. Hussein amemnyima nafuu ya kufa mapema, ili asimame mbele ya matokeo ya neno lake.

Na neno hilo limekwisha kuwa la nani? Hapa ndipo ustadi wa mwandishi unapoonekana. Kinjeketile anatoka majini akiwa na ujumbe, na watu wanaupokea kwa shangwe. Baadaye anagundua kwamba, alipokuwa amepandwa na pepo, alitamka kuwa wangekuwa watoto wa Seyyid Said. Anajiuliza: je, tutamtoa bwana mmoja ili tumweke mwingine? Tangu hapo mashaka yanamla. Anataka watu wasubiri, wafunzwe, waungane kwanza. Lakini kila anapowarudisha nyuma, wao wanasikia ahadi tu. Aliyelizaa neno hana tena mamlaka juu yake; wenye mamlaka sasa ni wale wanaolihitaji. Anamweleza Kitunda mashaka yake, na Kitunda, mtu wa vita asiyependa maneno mengi, analazimika naye kuubeba mzigo ule ule.

Nimewahi kumfundisha kijana mmoja kutoka vijiji vya delta, ng’ambo ya mikoko, ambako mtu akichaguliwa kwenda kidato cha tano hachaguliwi peke yake. Wazazi, wajomba na majirani walichanga. Wakamsindikiza hadi mtumbwini. Miaka michache baadaye nilimkuta Dar es Salaam, hana kazi ya kudumu, naye kila mwezi alikuwa akikopa ili apeleke mchango wa harusi ya huyu na matanga ya yule. Idi mbili zilikuwa zimepita hajaenda kwao. Aliniambia, “Mwalimu, nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini? Wao wameshasema mimi ni mkubwa huko mjini.” Hakuna aliyemwamuru adanganye. Walimpenda, wakamsifu, naye akaogopa kuwa mdogo kuliko sifa zao.

Mlinganisho huu una mpaka wake, maana uongo wa kijana yule ulimwumiza zaidi yeye mwenyewe, ilhali maji yalipeleka maelfu mbele ya bunduki. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wahakiki wanaomsifu Kinjeketile kwa ukimya wake pasipo kupambanua. Katika mchezo mna ukimya wa aina mbili. Ukimya wa mwisho, anapotakiwa na Wajerumani akiri kuwa maji yalikuwa uongo, ni wa kishujaa: anajua kwamba wakoloni watalitumia ungamo hilo kuwafundisha watoto wa kesho kuwa kudai haki kulikuwa kosa. Lakini kuna ukimya wa kwanza, uliotangulia vita, pale mashaka yake yalipobaki kati yake na Kitunda huku wapiganaji wakiendelea kuyaamini maji. Ukimya huo ulitokana na hofu ya kuwavunja moyo watu, nao ulilipiwa kwa roho za watu wale wale. Mwandishi ameupa ukimya wa mwisho uzuri mwingi, hata msomaji asiyekuwa makini huutupia shela ule wa kwanza pia. Naiona hiyo kuwa kasoro, ingawa ni kasoro ya kazi kubwa.

Walakini nisimhukumu upesi. Siku moja niliwaomba wanafunzi waigize mazungumzo ya Kinjeketile na Kitunda, na nikawaweka wenzao kumi na wawili nje ya mlango wawe wapiganaji wanaoimba na kungoja amri. Aliyekuwa Kinjeketile alikwisha kuniahidi kwamba yeye angetoka na kusema kweli. Aliusogelea mlango, akausikia wimbo, akasimama na mkono wake juu ya komeo. Darasa zima lilimngoja. Akageuka, akaniuliza kama angeweza kuketi.