Shajara ya Mwangalizi wa Amani: Mtahiniwa wa Mathare Aisome Vipi?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, shajara imezoeleka darasani kama zoezi la insha tu: tarehe, saa, tukio, hisia, kisha alama. Ni nadra tuihakiki kama utanzu. Makala haya yanapendekeza tuanze na shajara za askari waliopelekwa ng'ambo kuangalia amani.

Kenya ina historia ya kazi hiyo. Mwishoni mwa 1979 askari wake walikuwa katika kikosi cha Jumuiya ya Madola kilichosimamia usitishaji wa vita Rhodesia, nchi iliyopata uhuru Aprili 1980 kwa jina la Zimbabwe. Huko Liberia nako, Jenerali Daniel Opande aliongoza waangalizi wa kijeshi wa UNOMIL, ujumbe ulioundwa na Umoja wa Mataifa Septemba 1993. Waangalizi hao hawakubeba silaha, na Septemba 1994 baadhi yao walikamatwa na wapiganaji. Mnamo 2019 Opande alichapisha tawasifu yake kwa Kiingereza, In Pursuit of Peace in Africa.

Tutofautishe tanzu. Tawasifu huandikwa mwisho ukijulikana. Mwandishi huteua, hupanga na kujieleza. Ripoti huficha nafsi. Shajara huandikwa usiku wa tukio, mwandishi hajui kesho italeta nini, na hapo ndipo taharuki yake inapotoka. Aidha, shajara si utenzi wa vita. Katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, Shaaban Robert alisimulia vita vya 1939–1945, vyenye washindi na washinde. Mwangalizi hana ushindi wa kuusifu. Kazi yake ni kutazama na kuandika.

Chukua mfano huu tulioutunga: "Tumehesabu bunduki 12. Mvulana mmoja amekataa kutoa yake. Mvua." Mtahiniwa mwenye pupa atajibu kwamba maudhui ni amani, aishie hapo. Aliye makini atauliza: mbona bunduki zina idadi ilhali mvulana hana jina? Mkalimani yuko wapi? Mbona mwandishi anakimbilia mvua badala ya kutaja hofu yake? Kilichoachwa nacho ni sehemu ya mtindo.

Hapa mwanafunzi wa Mathare ana hoja ambayo wengine hawana. Mtaa wake ulikumbwa na ghasia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wanahabari waliingia na madaftari, wakaandika, wakaenda zao. Waliomlea wanajua maana ya kuandikwa na mgeni. Basi na aisome shajara ya askari kutoka upande wa yule mvulana pia. Hiyo si chuki kwa askari, ni uhakiki.

Isitoshe, muda hautungoji. Daftari la askari mstaafu aghalabu hukaa sandukuni nyumbani, si maktabani. Mafuriko ya Aprili 2024 yalisomba mali ya wengi kando ya Mto Mathare, na karatasi haistahimili maji. Mwalimu, waombe wanafunzi wako waulize wazee wao, kwa idhini na heshima, kama kuna daftari la kunakiliwa.

Maswali ya mjadala:
1. Linganisha nafsi ya msimulizi katika shajara na katika ripoti.
2. "Mwangalizi asiye na silaha ni mhusika dhaifu." Jadili.
3. Andika upya mfano wetu kwa mtazamo wa mvulana.