Kufuli la Tovuti Hufungwa kwenye Seva

Maudhui ya waliolipia huzuiwa sehemu moja kati ya mbili: kwenye seva, kabla makala haijatoka, au kwenye kivinjari, ikiwa imeshafika kwa msomaji. Njia ya pili si ulinzi. Hata hivyo, tovuti nyingi ndiyo zinayoichagua.

Hufanyika hivi. Msomaji aliyekaa kwenye duka la simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anafungua makala. Seva inamtumia yote, kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho, picha zikiwemo, pamoja na msimbo wa JavaScript wa kuifunika. Aya mbili zinasomeka, ya tatu inafifia, kisha kinashuka kibango: "Lipia uendelee kusoma." Maneno mengine yote yamo ndani ya simu tayari. Akizima JavaScript, au mara nyingi akibonyeza tu hali ya kusoma ya kivinjari, makala inajitokeza nzima. Asiyejua ujanja huo ndiye anayeumia, maana bando lake limekatwa kwa ajili ya makala aliyozuiwa kuisoma.

Utetezi wa siku zote ni Google: eti makala isipotumwa nzima haitaonekana kwenye utafutaji. Utetezi huo umeshapitwa na wakati. Tangu Oktoba 2017, Google ilipoacha sharti la kumpa makala bure msomaji anayetoka kwenye utafutaji wake, mwenye tovuti hutangaza kwa alama ya isAccessibleForFree kwamba ukurasa ni wa kulipia, na seva humtambua roboti wa Google kwa anwani yake ya IP ikampa maandishi yote, wengine wakapata dondoo. Agosti 2025 Google yenyewe iliandika kwamba kufunika kwa JavaScript si njia ya kutegemea.

Gazeti la The New York Times nalo lilijikwaa hapo. Lilipoanza kutoza wasomaji wa Marekani Machi 28, 2011, likiruhusu makala 20 za bure kwa mwezi, kibango chake kiliweza kuondolewa kwa mistari minne ya msimbo.

Mafundi wa televisheni walikuwa wamelimaliza suala hili zamani. Dar es Salaam ilipozimiwa matangazo ya analojia Desemba 31, 2012, ving'amuzi vya kulipia vilikuwa na utaratibu wake: mawimbi yanafika kila paa yakiwa yamefumbwa, na kadi ya aliyelipa ndiyo inayopata ufunguo. Hakuna aliyewahi kurusha picha kamili hadi sebuleni, kisha akaifunika kitambaa.

Kuchagua cha kufunga kunahitaji busara kidogo tu. Magazeti ya Mwananchi na Mwanaspoti huweka neno PRIME kwenye vichwa vya habari za kulipia, na msomaji anajua kabla hajabonyeza. Habari ya dharura, kama ya jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, inafaa ibaki wazi.

Kwenye malipo, fomu ya kadi ya benki inayojikata kila mwezi, iliyonakiliwa ng'ambo pamoja na alama yake ya dola, haiwafai watu waliozoea vifurushi vya siku, wiki na mwezi. M-Pesa ipo Tanzania tangu 2008. Msomaji huandika namba ya simu, ombi la malipo likatokea kwenye skrini, akaingiza namba ya siri. Mtandao wa simu huiarifu seva, nayo huandika tarehe ya mwisho ya kifurushi. Ukurasa wa "Asante kwa malipo" unaofungua makala bila seva kupata taarifa hiyo ni kosa lilelile katika sura nyingine. Nje ya malipo, milisho ya RSS na nakala za kache nazo huvujisha makala zisipokaguliwa.

Tovuti iliyokwisha kujengwa kwa kibango haihitaji kubomolewa. Seva iangalie kwanza kama akaunti ina kifurushi hai. Kama haina, itume aya mbili iishie hapo. Kupima ni rahisi: zima JavaScript, fungua makala bila kuingia kwenye akaunti. Aya ya tatu ikisomeka, tovuti hiyo haina kufuli.