Heko kwa Waigizaji wa Eldoret

Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, na sifa zake nyingi huenda kwa wanariadha. Leo tuwape maua yao watu wengine: vikundi vidogo vya maigizo vinavyozunguka shule za Uasin Gishu na kaunti jirani, vikiigiza tamthilia teule za mtihani wa kidato cha nne.

Kazi yao si lelemama. Waigizaji wachache hugawana wahusika wote. Aliyekuwa mlinzi sasa hivi hubadilisha maleba upesi, akarudi akiwa mzee wa kijiji. Jukwaa ni bwalo la shule, meza zimesukumwa pembeni, na sauti lazima imfikie mwanafunzi wa mwisho bila kipaza sauti.

Kwa njia hiyo, vijana wengi hapa wamekutana na Nora wa tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879 kutoka Norway, pamoja na Majoka na Tunu wa *Kigogo* ya Pauline Kea. Mzaha wa mlevi huwavunja mbavu. Dakika chache baadaye bwalo zima hunyamaza, dhuluma ikitendeka mbele ya macho yao. Hapo maswali ya maudhui na sifa za wahusika hupata uhai ambao kitabu peke yake hakikuyapa.

Tamthilia huandikwa ili ichezwe. Wanaoicheza wanastahili malipo ya haki, ukumbi wa kudumu wa umma na makofi yetu. Hongereni sana!